Trekta 135 imekaa imepasuliwa katikati uani, na mi sukari imenitia ganzi miguu. Niendelee au niiachie skrepa?

Korona Mstaafu

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Naomba niandike kwa kirefu kidogo maana hili jambo limenikaa kooni tangu Ramadhani. Mi ni fundi mitambo, nimekaa miaka 26 kwenye shamba la mkonge huku mkoani Tanga, nimeanzia korona (wasioijua ndo ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zinabaki nyuzi tupu, ukiisogelea bila akili inakula mkono) nikamalizia karakana ya matrekta. Sasa hivi nina miaka 61, niko nyumbani Muheza, uani nimesimamisha kibanda cha bati chini ya mwembe, nina vaisi, grenda, mashine ya kuchomelea na spana nilizookoteza maisha yangu yote. Hiyo ndo gereji na ndo baraza yangu.

Miaka minne nyuma nilinunua Massey Ferguson 135 kwa mzee mmoja mwenye shamba la machungwa, ilikuwa imetelekezwa chini ya mkorosho mpaka kuku wanatagia kwenye kiti. Zile zilizoundwa Coventry, Uingereza kabisa, injini Perkins ya silinda tatu. Nikaiamsha, nimelimia majirani misimu miwili na kubebea machungwa. Mwaka huu klachi ikaanza kuteleza, ukipanda mlima na trela injini inalia tu chombo hakiendi, nikaona isiwe taabu nikaipasua katikati, injini upande wa mbele, giaboksi na matairi makubwa nyuma, nikatoa diski zote mbili za klachi na presha pleti (sahani inayozibana kwenye fraiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini).

Hapo ndo mwili ukanikumbusha kwamba upo. Sukari ninayo tangu 2014. Miguu kuanzia vifundoni kushuka si yangu tena, nikitembea naona kama nakanyaga godoro. Sasa siku hiyo nakata bolti iliyoganda kwa grenda, nimevaa kandambili kama kawaida yangu, kichwa cha bolti kikaruka kikiwa chekundu kikaingia kati ya ukanda na mguu, mi naendelea na kazi. Nikasikia harufu, nikajua mama yao anababua kongoro jikoni, nikasema moyoni leo tunakunywa supu. Mjukuu wangu wa miaka 6 ndo kaja kanivuta shati, babu mguu wako unatoa moshi.

Kidonda kimechukua miezi mitano, kidole kidogo kilibakia padogo kikatwe. Kimefunga sasa, namshukuru Mungu, ila mke wangu kaficha ufunguo wa kibanda na kijana wangu wa Dar anasema tuwaite watu wa skrepa waje wapime kwa kilo. Trekta imefunikwa turubai, fraiwili imeanza kuota kutu kwa juu. Na mimi nikikaa barazani siku mbili mfululizo sukari inapanda na roho inanuna.

Naomba kujua, kuna mtu humu anafanya kazi hizi na mwili kama wangu? Na hii trekta naiunganishaje bila kusukuma kwa mgongo, maana presha nayo ipo.

Spana 14

Pole sana mzee wangu. Hiyo ya kongoro imenisisimua mwili wote.

Kabla sijasema lolote, upande wa mbele umeweka KABARI? Ekseli ya mbele ya 135 inacheza kwenye pini moja katikati, yaani ile injini ikishaachana na giaboksi haina kitu cha kuizuia isilale ubavuni zaidi ya gogo uliloweka chini. Inatakiwa vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kabari, kimoja kulia kimoja kushoto, vigongwe kati ya ekseli na ule mhimili wa mbele mpaka isiyumbe hata ukiitikisa. Nimeona kijana Kilosa injini imemlalia mguu kwa sababu hiyo hiyo, na yeye alikuwa na miguu inayosikia.

Korona Mstaafu

Nimeweka upande mmoja tu, upande wa pili nilikosa kipande kinachofaa nikasema nitaweka kesho, ndo ikawa kesho hiyo ya miezi mitano. Nashukuru mkuu, nimemtuma mjukuu akaniangalizie kipande cha mkarati kwa seremala jirani.

Mzee wa Fursa

Nitaongea lugha ambayo wengine hamtaipenda. Uza. Trekta ya miaka hamsini na kitu, mgonjwa wa sukari, presha, kidonda cha miezi mitano, halafu bado unauliza? Hesabu nauli za kwenda kufunga kidonda, hesabu dawa, hesabu siku ambazo familia nzima imekaa roho juu. Hiyo klachi ni ghali kuliko unavyofikiri. Ungekuwa baba yangu ningewaita watu wa skrepa usiku umelala.

Korona Mstaafu

Ndo maana namshukuru Mungu wewe si mwanangu, nnaye mmoja anayenitosha.

Ila sijakukasirikia, hesabu yako ni ya kweli. Nyingine ambayo hujaipiga ni hii: huo mwezi niliokaa kitandani walikuja watu wanne na vitu vyao mlangoni, mmoja pampu ya kumwagilia, mmoja cherehani, mwingine mashine yake ya kusaga imekata mkanda, wanaambiwa mzee anaumwa wanaondoka. Wa tano hakuja.

Nesi Zamu ya Usiku

Shikamoo baba. Mimi niko kliniki ya sukari (mkoa sitaji) na nimeolewa na fundi magari, kwa hiyo hii mada inanihusu kotekote. Wala sitakuambia uache, wagonjwa wangu tuliowaambia waache kazi wengi wao walirudi hali mbaya zaidi maana walikaa tu na kula wali. Ila kuna mambo hukuyataja na ndo makubwa.

Kwanza dawa. Unatumia nini? Kama ni metfomini peke yake, sukari kushuka ghafla ni nadra. Kama kuna glibenklamaidi au unachoma insulini, hapo ukifanya kazi nzito umechelewa kula, sukari inaweza kushuka uko chini ya trekta na hakuna anayekuona. Dalili zake unazijua, jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, mwishowe mtu anaongea ovyo na hasira zisizo na sababu. Watu wanadhani mzee kakorofika leo. Na kama dawa yako ya presha ni atenolo, huo mtetemo na mapigo ya moyo unaweza usivisikie kabisa, kinachobaki ni jasho, na fundi kwenye banda la bati jua la Tanga kutoka jasho ni kawaida yake, umeona hatari ilivyojificha hapo?

Kwa hiyo kwenye boksi la spana, si jikoni, weka sukari kwenye kichupa. Ukihisi hivyo acha kila kitu, kaa chini, koroga vijiko vidogo vitatu vya hiyo sukari kwenye maji kunywa, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima. Kama kipimo bado kiko chini ya 4 (mmol/L) rudia. Ikishapanda kula kitu kinachoshiba kidogo, ndizi au kipande cha mkate. Halafu siku hiyo usirudi chini ya chombo, kesho ipo.

Pili miguu. Kandambili zitupe, sisemi ziweke pembeni, nasema zitupe. Vaa buti za kufunika zenye nafasi mbele, soksi za pamba nyeupe au za rangi nyepesi. Nyeupe kwa sababu ukitoka damu utaiona, mguu hautakuambia lakini soksi itakuambia. Kabla ya kuvaa buti ligeuze likung'ute, ingiza mkono upapase ndani kote, maana mafundi mna tabia ya nati na chenga za chuma kuingia kila mahali. Mume wangu nilimkuta na wosha ndani ya kiatu katembea nayo kutwa, na yeye hana sukari, kachoka tu.

Jioni angalia nyayo zote mbili kwa kioo, kati ya vidole pia, au mpe huyo mjukuu kazi, ana macho mazuri tumeona. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi, usiote moto, usikwangue sugu kwa wembe. Ukiona lengelenge au wekundu nenda kituoni siku hiyohiyo usisubiri siku ya kliniki.

Na mikono, acheni kunawa petroli. Ngozi inapasuka, na kwako wewe kila mpasuko ni mlango. Paka mafuta ya mgando kabla ya kazi, baadaye sabuni ya unga na sukari kidogo sugua, oili inatoka yote.

Korona Mstaafu

Marahaba mwanangu, nimesoma mara mbili na mama yao kasomewa, amesema huyu binti apewe zawadi.

Metfomini na glibenklamaidi, zote. Presha ni amlodipini. Sasa umenifungua macho, kuna siku nilimfokea jirani mpaka nikataka kumpiga na bomba, kisa kauliza saa ngapi, nikaja kula nikatulia nikaona aibu nikamfuata kumwomba radhi. Kumbe.

Kipara wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mzee mwenzangu, niko na miaka 66, 2017 nilipata kiharusi, mkono wa kushoto unashika lakini haukazi, na mguu wa kushoto unaburuta. Kazi yangu ni mashine za posho na Land Rover za zamani. Daktari aliniambia nipumzike, nikapumzika miezi nane, nikawa mtu wa kuangalia ukuta. Halafu siku moja mama mwenye mashine ya posho akakuja analia, Lister yake (injini ya dizeli inayoizungusha) imekataa kuwaka na watu wamepanga foleni na mahindi.

Unaijua hiyo Lister, ile ya silinda moja, nguvu farasi sita, mizunguko 650 kwa dakika, unasikia kijiji kizima tuk tuk tuk. Iliundwa Dursley huko Uingereza kutoka karibu 1930 mpaka miaka ya 80, na Wahindi wa Rajkot wakainakili na wanaendelea. Ile ya Uingereza ukiiheshimu inazika mwenyewe. Ile ya kunakili ni nzuri pia lakini ukinunua mpya kitu ya kwanza ni kufungua tumbo na kuosha mchanga wa kusubu uliobaki ndani, la sivyo beringi zinasagwa pamoja na mahindi.

Sasa mimi na mkono mmoja nitazungusha hendeli aje? Zile fraiwili mbili kila moja inapita kilo mia. Nikakaa kwenye kiti nikaiangalia tu kama dakika ishirini. Yule mama akadhani naomba. Nikagundua kumbe walikuwa wanaizungusha ikiwa na kompresheni, kijana na nguvu zake, kwa sababu ile rungu ya kuinua valvu ya ekzosi ilikuwa imelika haiinui tena. Ndiyo ilikuwa shida yote. Nikapeleka ikajazwa chuma ikachongwa, tukarudisha. Valvu ikiinuliwa ile mashine inazunguka kama feni, mtoto wa shule anaweza, unaipatia mizunguko kama kumi ikishika kasi unaachilia valvu na inajiwasha yenyewe na ule uzito wake. Hendeli ishike na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, usiizungushie, ikirudi nyuma inachukua kidole tu inaacha hendeli.

Nilipokuwa na mikono miwili sijui kama ningekaa kuangalia. Ningezungusha tu mpaka nichoke, nimpee kijana naye achoke.

Karakana yangu niliipanga upya hivi. Benchi nimeliinua lifike kiwiko nikiwa nimekaa, na kiti ni kile cha baa kirefu. Kwenye boriti nimefunga chenbloku (winchi ya mnyororo ya kuinulia), kitu yoyote inapita kilo kumi haibebwi na mtu. Bolti naziweka kwenye treya ya mayai, kila shimo nimeandika namba, na kila hatua nikifungua napiga picha na simu, maana kiharusi kilinichukulia kumbukumbu ya vitu vidogo, naweza kukuambia firing ya Perkins yako (zamu ya silinda kuwaka) ni 1-2-3 lakini nisikumbuke spana nimeiweka wapi dakika moja imepita. Spana zote nimepaka rangi nyekundu sababu ya hiyo. Kazi ni asubuhi saa mbili mpaka saa nne na nusu. Ikifika hapo hata kama imebaki bolti moja naacha. Hiyo bolti moja ndiyo iliniangusha 2019.

Spana 14

Hapo kwa bolti moja nimenyoosha mikono, ndo ugonjwa wetu sote.

Mzee wa Muheza, kuhusu kuunganisha. Usiifikirie kama kazi ya kusukuma. Mbele usiiguse, ishapigwa kabari na imekaa kwenye gogo, iache hapo hapo isisogee hata nusu inchi. Kinachosogea ni nyuma, na nyuma ina matairi yake makubwa. Chini ya giaboksi weka jeki ya magurudumu. Uani kwako ni udongo si ndiyo? Basi jeki itazama, kwa hiyo laza mbao mbili nene au chaneli mbili za chuma ziwe kama reli, jeki itembee juu yake. Halafu hutasukuma trekta, utazungusha tairi kwa mtaimbo, unauchomeka kwenye meno ya tairi unaubonyeza chini, inakuja sentimita kwa sentimita. Mtu mmoja kila tairi, na wewe umekaa kwenye stuli pembeni pale zinapokutana unaangalia. Kazi yako ni macho tu.

Kabla ya hapo diski zako zimekaa sawa? 135 yenye klachi mbili ndo hiyo ukikanyaga nusu trekta inasimama, ukimalizia mpaka chini na ule mti wa nyuma wa PTO (unaozungusha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta) unasimama. Maana yake kuna diski mbili na shafti mbili moja ndani ya nyingine, na matundu ya diski zote yasipokaa mstari mmoja na katikati ya fraiwili hata uje na kijiji kizima haziingii. Kama huna shafti ya zamani, nenda kwa fundi wa kukereza akuchongee mti wenye ngazi mbili, kila ngazi unene wa tundu la diski yake, unachomeka wakati unafunga presha pleti, ukishakaza ndo unautoa. Halafu tafuta bolti mbili ndefu uzikate vichwa, zifunge kwenye matundu mawili kulia na kushoto ziwe miongozo. Ikifika imebaki kama inchi moja inagoma, USIVUTE KWA BOLTI. Watu wanapasua nyumba ya giaboksi kwa njia hiyo. Weka gia, mtu azungushe mti wa PTO kwa mkono taratibu huku mwingine anacheza na fraiwili, utasikia klak, inaingia yenyewe kama mlango.

Korona Mstaafu

Mkuu hii nimeinakili kwenye daftari. Miongozo ya bolti karakana tulikuwa nayo, nilishaisahau. Nikishaunganisha nitatoa upepo kwenye mfumo wa dizeli, tanki nilishalimaliza, nitalegeza nati za nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) moja moja nikiweka kidole nisikie kama inapiga.

Spana 14

Kidole hapana mzee!! Kwa mtu yeyote hapana, na kwako ndo hapana mara mbili. Dizeli inayotoka kwenye pampu kwenda nozeli ina msukumo unaopita bar 150, ukipata mwanya mdogo inapenya ngozi kama sindano. Legeza nati kidogo tu, weka kipande cha boksi mbele yake uone inavyolowa, mapovu yakiisha kaza, hamia nyingine. Macho mbali.

Nesi Zamu ya Usiku

Naomba niongezee hapo hapo. Hiyo ikipenya kidoleni inaonekana kitundu kidogo tu hata damu haitoki na mwanzoni haiumi sana, mtu anajipangusa anaendelea, kesho yake kidole kimevimba cheusi. Ni dharura ya upasuaji, unakwenda hospitali muda huohuo na unawaambia kabisa ni dizeli yenye presha imenipenya, usiseme nimechomwa tu. Baba, vidole vya mikono unavisikia vizuri?

Korona Mstaafu

Viwili vya mwisho mkono wa kulia si sana.

Nesi Zamu ya Usiku

Basi umejijibu. Na hilo ukalitaje kliniki.

Fundi Mdogo

Shikamooni wote. Mimi nimemaliza VETA mekanika mwaka jana, niko Tanga mjini sina kazi ya maana naosha magari. Perkins nimeiona kwenye chati tu ukutani. Mzee kama hutajali naomba nije nishike hiyo mitaimbo, pesa si lazima, chakula na nauli vinatosha, nataka niione klachi mbili kwa macho yangu. Pale chuo walitufundisha kwa gari dogo tu.

Mzee wa Fursa

Sasa hapo ndo mmesema kitu. Kijana hushindwi kumlipa mzee kukufundisha.

Korona Mstaafu

Wewe dogo njoo sanduku la ujumbe tuongee. Mke wangu akikuona una buti ndo atatoa ufunguo, usije na kandambili ukaniharibia.

Korona Mstaafu

(Wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, intaneti ya huku mnaijua.

Dogo alikuja. Nilidhani atakaa siku mbili akimbie, leo ana siku ya kumi na saba. Tulianza na kabari ya pili, nilipoigonga kulia injini ikainuka kidogo upande huohuo, kumbe ilikuwa imeanza kulala pole pole muda wote huo na mi napita hapo na kikombe cha chai. Nilikaa kitako dakika nzima sijasema kitu.

Fraiwili tumeipiga msasa, tukaipeleka ikakerezwa maana ilikuwa na mikwaruzo ya joto. Diski kubwa nimepata mpya, ndogo nimebandikisha lainingi (ule utando unaosugua) upya kwa fundi wa breki mjini, rilizi beringi (ile inayosukuma klachi ifunguke) mpya. Mti wa ngazi mbili alinichongea seremala kwa mkarati, fundi wa kukereza alitaja bei nikacheka nikatoka.

Siku ya kuunganisha tulianza saa moja asubuhi kabla ya jua. Mi nimekaa kwenye stuli ya mama yao ya kukunia nazi, maana ndo iliyokuwa na kimo cha kufaa, buti miguuni, soksi nyeupe za mjukuu za kuendea shule za zamani hazikunienea nikanunua zangu. Dogo tairi la kulia, jirani yule niliyetaka kumpiga na bomba tairi la kushoto. Inakuja, inakuja, imebaki inchi na nusu ikagoma. Dogo akashika spana akaze bolti, nikamwambia weka chini hiyo spana. Akaenda akazungusha PTO, mi na bisibisi kwenye meno ya fraiwili kupitia tundu la pembeni, hamna kitu. Tena. Hamna kitu. Saa tatu jasho likaanza, nikajiuliza hili ni jasho la kazi au lile la binti wa zamu ya usiku, nikasema pima. 3.6. Nikanywa sukari yangu kwenye kichupa, nikakaa chini ya mwembe robo saa, nikapima 5.2, nikala ndizi mbili. Nilishaunguza mguu mbele ya hiyo trekta, sikutaka tena ubishi nayo. Tukafunika turubai, dogo akanuna.

Kesho yake asubuhi na mapema, mzunguko wa kwanza wa PTO, klak. Dogo kapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Dawa zangu kliniki wamezibadilisha, glibenklamaidi imepunguzwa, na ya vidole nimeitaja. Upepo wa dizeli tulitoa kwa kipande cha boksi la sabuni. Imewaka juzi. Mwanangu alipigiwa simu akasikilizishwa mlio, kasema haya.

Sasa ninarudi na swali jingine. Trekta inatembea vizuri, ukikanyaga nusu inasimama, mlima imepanda na trela tupu haitelezi. Ila nikimalizia kukanyaga mpaka chini mti wa PTO hausimami, unaendelea kuzunguka pole pole hata dakika. Nimefungua kile kifuniko cha pembeni naziona zile skrubu tatu za kurekebishia. Naanza na ipi?

Spana 14

Zote tatu mzee, kwa kiasi kimoja. Zungusha fraiwili iletwe moja kwenye tundu, pima mwanya wake kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), andika, leta ya pili, andika, ya tatu. Usirekebishe hata moja kabla hujapima zote. Zikipishana klachi inafunguka upande, na nadhani ndo kinachokusumbua maana lainingi uliyobandikisha itakuwa nene kuliko ya zamani. Injini izimwe na betri itolewe waya, usije ukaniletea hadithi nyingine ya kongoro.

Korona Mstaafu

Betri dogo kashatoa. Ila imeshafika saa nne na nusu, Kipara wa Nakuru atanisema. Napima kesho naleta namba zote tatu hapa.